Matembele ya Nyuma ya Bafu

Jumanne, 15 Oktoba

Mke wangu Kwandu ameondoka asubuhi kwenda Kimali kumchukua mama yake. Wanarudi Jumamosi. Nahesabu siku tangu basi lilipoondoka.

Sababu ninayo. Mara ya mwisho mama mkwe alipokuja hapa Bariadi aliwakuta wanangu, Precious na Scola, wanakula tambi za pakiti na kushushia soda. Akasema wajukuu zake wanalelewa na duka. Akaapa kwamba akikuta hivyo tena, anawabeba kwenda nao Kimali, kwenye maziwa na mlenda. Na yule mama hatanii! Wanangu! Mimi nitabaki na nani?

Kwa hiyo nimetangaza sheria: kisichotoka mkoa wetu wa Simiyu hakiingii mdomoni. Nimekagua uwanja wangu. Mpapai, dume. Kuku, hatagi. Jua limeunguza kila kitu. Halafu nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotokea, loo! Matembele! Mabichi, manono, Oktoba hii! Yamejiotea tu. Precious ameanza kusema mama alikataza sijui nini. Nimemwambia mtoto hamfundishi baba yake kula.

Jioni, ugali na matembele. Mimi ni mwanamume wa mipango.

Jumatano, 16 Oktoba

Jirani yangu Ngeleja ana maboga, na hupenda kuyapigapiga anapoona namtazama. Leo kanichungulia nikichuma matembele, akauliza kama mama Precious anajua. Wivu huo! Nimemjibu kwamba mimi nilikua machungani na ng'ombe, habari za viazi ni za wanawake, lakini majani nayajua nikiyaona. Akacheka peke yake. Hata hivyo tumebadilishana: fungu la matembele kwa bakuli la dagaa wa Mwamanyili. Mwamanyili iko Busega, na Busega ni Simiyu. Sheria haijavunjwa.

Chumvi ndiyo imeleta balaa. Precious kauliza inatoka wapi. Sijui. Tumekula bila chumvi. Scola amelia, sahani kaisukuma. Mimi baadaye nimepita dukani nikala maandazi, maana baba akiishiwa nguvu, nani atalinda sheria?

Ijumaa, 18 Oktoba

Sina amani. Jana matembele, leo matembele. Scola ananiangalia kama mtu anayeuguza mgonjwa.

Ngeleja ana mizani ya kupimia pamba, msimu umeisha inaning'inia bure. Nimemwomba nimpime mtoto. Tukamfunga Scola kwenye kanga, tukamtundika. Amepungua kuliko kwenye kadi yake ya kliniki! Jasho limenitoka hadi kwenye viatu. Ngeleja akasema nisijali, hata pamba yake ikipanda hapo hupungua. Sikufarijika hata kidogo. Mama mkwe hahitaji mizani, yeye humminya mtoto mkono tu, akajua.

Uamuzi: karamu. Nimekata matembele yote hadi chini, nimeacha udongo mtupu. Majani yatapikwa na karanga. Kamba zake nimempa mbuzi wa Ngeleja, nikapata maziwa ya watoto. Hakuna kilichopotea hata kijiti. Chumvi nimeitia, nimeisamehe.

Jumamosi, 19 Oktoba

Wamefika. Nimempigia mama mkwe salamu ya mwadila nikiwa mbali, macho chini, kisha nikajificha nyuma ya ukuta. Mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe, lakini hakuna mila inayokataza kusikiliza.

Kala. Kaongeza! Kamminya Scola mkono. Kisha kamtuma Precious aniambie kwamba mboga ni tamu na kwamba safari hii nimejitahidi. Nilitaka kucheza pale pale nyuma ya ukuta.

Halafu akasema sasa apelekwe akaone marando aliyoyafuata.

Marando gani? Nimemsikia Kwandu akimweleza akiwa anatembea: kamba za viazi za nyuma ya bafu, mayu, mbegu yenyewe, nimezimwagilia kiangazi chote, mvua ikishuka nusu unapanda Kimali, nusu napanda hapa. Ya mama mkwe yalikauka yote. Ndiyo maana kaja! Mimi nilidhani kaja kunikagua.

Nikachungulia pembeni mwa ukuta.

Kwandu hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliketi kwenye ule udongo mtupu akalia, akauliza mwakani tutakata viazi vipi tuanike michembe, na watoto watakula nini jua likiwaka. Nimeona aibu, kweli nimeona aibu. Mama mkwe akanisemesha kupitia kwa Precious, ingawa alisema kwa sauti ya kumfikia Ngeleja: amemezeshwa shamba lake mwenyewe, tena na karanga. Kesho wanakwenda Mwamapalala kuomba marando kwa shangazi yake Kwandu. Wakirudi, asipoona kwa macho yake kwamba nyumba hii ina akiba, Jumatatu anaondoka na watoto wote wawili.

Ngeleja alikuwa kwenye boga lake, anapigapiga.

Jumapili, 20 Oktoba

Wote wamekwenda Mwamapalala. Nimeachwa nyumbani nitafakari.

Nimetafakari. Nimeingia jikoni kuchemsha maji, nikawaza wanangu wamebebwa kwenye basi la Kimali, Scola kaegemea dirisha, machozi yakanijaa. Nikainua uso kuyazuia yasidondoke.

Juu ya mafiga, mahindi! Mahindi makubwa, mistari imenyooka, Kwandu kayachagua mazuri matupu akayafunga mawili mawili kwa maganda yake, kayaning'iniza kwenye moshi yakawa meusi. Yako hapo tangu mavuno, Kwandu alisema ati yanangoja mvua, na hakuna aliyeyagusa! Chakula kizuri hivi kimesahaulika kwenye masizi, na nyumba inaambiwa haina akiba!

Nimeyateremsha yote. Nimeyapukuchua, nimeyaosha yakang'aa. Sasa yako kwenye sufuria kubwa na kunde, yanatokota. Jumatatu wanangu hawaendi popote.