Ombi la Kuulaza Uchumba Mpaka Kompyuta Iamke

Kwako Mama Muuguzi,
Mkwe wangu mtarajiwa,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, na kwamba wagonjwa wako wodini wanaendelea vizuri. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mmoja wetu ambaye kwa wiki tatu sasa analala hovyo, na akishalala haamki mpaka azimwe kwa nguvu. Ninayemsema ni kompyuta ya dukani kwangu.

Nakuandikia wewe, wala si mumeo, kwa sababu wewe ni muuguzi na unajua tofauti kati ya mtu aliyelala, aliyezimia na anayejifanya. Kijana wako, fundi kompyuta, ambaye kwa heshima zote ni kijana mwenye adabu na viatu safi, tofauti hiyo haijui. Nami kama mama siwezi kumkabidhi binti yangu mtu anayeweza kulaza lakini hawezi kuamsha. Nisikilize kwanza, halafu ukasirike.

Kompyuta hii mpakato ndiyo uti wa mgongo wa duka letu la ushonaji. Binti huchora gauni humo, akalivisha sanamu ya mwanamke inayozunguka kwenye kioo, mimi nikakata kitambaa kwa kufuata mchoro. Kwa ajili ya kuzungusha ile sanamu, mashine ina kadi ya michoro ya peke yake, kubwa, ya kujivunia. Kijana wako alipoona inavyojikokota aliomba aondoke nayo, akairudisha baada ya siku mbili ikiwa imewekewa Linux, mfumo mwingine wa kuiendeshea kompyuta, na juu ya mfuniko amebandika stika ya ndege mnene asiyeruka. Siku hiyo naikumbuka vizuri, kwa maana ndiyo mliyokuja wote kutambulishana, na wewe ukaniletea kile kisahani cha pini. Tangu siku hiyo sijapata raha. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Inalala bila ruhusa. Asubuhi naiweka kwenye meza ya kukatia, naifungua, inawaka vizuri. Kisha napanga vifaa vyangu. Mimi ni mtu wa mpangilio, na kila fundi aliyepitia mikononi mwangu atakwambia: mkasi kulia, chaki mfukoni, utepe wa kupimia shingoni, kisahani cha pini mkono wa kushoto, palepale juu ya kompyuta pembeni ya vitufe, ili nisihangaike kunyoosha mkono. Nikishamaliza kujipanga tu, kioo kinazima. Nikibonyeza kitufe cha kuwashia, taa zinawaka, feni inavuma, lakini kioo kinabaki cheusi kama kaniki, na kabla sijamaliza kulaani inalala tena.

2. Mbele ya kijana wako inaamka. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Akija, mimi kwa adabu naondoa vitu vyangu vyote mezani nimpishe afanye kazi. Anafunga mfuniko, anafungua, inaamka. Anafunga tena, anafungua tena, inaamka. Kisha ananiangalia kwa upole. Mkwe, sijawahi kuangaliwa hivyo tangu nizaliwe! Nadhani ndivyo wewe unavyomwangalia mgonjwa anayedai kuumwa nywele. Akishaaga narudisha vitu vyangu mahali pake, nayo inarudi usingizini. Kwa hiyo ama mashine ni mnafiki, ama imefundishwa.

3. Suala la dereva. Baada ya kuniamini nusunusu, kijana wako alisema huenda tatizo ni dereva. Nilidhani amechoka. Kumbe kila kadi ya michoro ina dereva wake, yaani programu ya kuiendesha, na yetu ilikuwa na wawili: mmoja wa hisani, anayekuja pamoja na Linux, na mwingine wa watengenezaji wa kadi. Alisema inawezekana wanagombea usukani mashine inapoamka. Basi akaandika amri zake, akamtia yule wa hisani kwenye orodha ya waliopigwa marufuku. Hakumwita, hakumsikiliza, hakumpa hata onyo. Nauliza kama mzazi: mtu anayemfukuza dereva wa hisani kwa mstari mmoja wa maandishi, mama mkwe wa hisani atamfanyaje? Na kompyuta iliendelea kulala.

4. Aliongeza usingizi. Alirudi wiki iliyofuata akasoma shajara ya mashine, maana nayo inaandika shajara, ila haitaji chochote cha maana. Akasema kuna usingizi wa aina mbili, mwepesi na mzito, na kwamba yetu ilikuwa imewekewa ule mwepesi. Akaiwekea mzito. Nilimweleza kuwa mgonjwa asipoamka, hakuna muuguzi mwenye akili timamu anayemwongezea dawa ya usingizi. Akacheka, akidhani natania. Mume wangu naye akasema kijana wa watu aachwe afanye kazi yake, kisha akasinzia kwenye kiti. Nilipotaja chai aliamka mara moja, bila dereva.

5. Kadi inayojitegemea. Nilitaka kujua kwa nini kompyuta yake yeye, ambayo nayo ni ya Linux, inaamka bila matatizo. Akanieleza kwamba ile inachora kwa kutumia ubongo wa mashine yenyewe, ila yetu ina kadi inayojitegemea, na kadi ya namna hiyo ikilala lazima kwanza ihifadhi kila ilichobeba kichwani, na ikiamka irudishiwe. Isiporudishiwa, inaamka haijui ilikuwa inachora nini.

Mkwe, neno hilo nalifahamu. Kaka yangu, mjomba wake binti, anajitegemea kwenye kochi la sebuleni kwangu mwaka wa nne huu, naye ukimwamsha hajui alikuwa anatafuta kazi gani. Kwa hiyo kujitegemea nimekuona kwa macho yangu, nimekufulia na mashuka. Ndipo moyo uliponilipuka. Siku ile ya kutambulishana, mlipokuwa mnamsifu kijana wenu, mlitumia neno gani? Mlisema anajitegemea! Tena mlirudia mara mbili, na mimi kwa ujinga wangu nikapiga makofi.

6. Gauni. Hapa sitanii. Gauni la harusi la binti yangu limo ndani ya mashine hiyo. Kola nimeichora mimi, mkia ameuchora yeye, na imetuchukua miezi mitano ya kubishana, tangu kabla ya siku ile ya kutambulishana. Harusi imebaki wiki saba, na kitambaa bado kimekunjwa kama kilivyotoka dukani. Kijana wako anasema nisiwe na wasiwasi, mchoro ameunakili kwenye kompyuta yake na naweza kwenda kuutazama huko wakati wowote. Ati niende nikachungulie gauni la mwanangu kwenye mashine ya bwana harusi! Nilikataa. Nikamwambia binti kwamba huu sasa ni ushahidi, na kwamba mtu hufahamika kwa vitu anavyoshindwa kuviamsha. Leo ni siku ya nne hanisemeshi. Anaingia dukani kama mteja, anachukua anachotaka, anatoka.

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa heshima na taadhima uchumba huu ulazwe. Sisemi uvunjwe, mimi si mkatili. Ulazwe tu, usingizi mwepesi, mfuniko ufungwe taratibu, na ile taa ndogo ya pembeni iendelee kupepesa ili watu wajue haujafa. Utaamshwa siku ambayo mashine itakuwa imeamka siku thelathini mfululizo, mbele yangu na mbele ya vifaa vyangu vyote. Katika muda huo naomba kijana wako aje wodini kwako ajifunze kuamsha, aanze na wagonjwa wa usingizi mwepesi, na wewe unipe taarifa ya maandishi. Tena siku ya kiapo aongezewe mstari mmoja: kwamba hatabadilisha dereva yeyote ndani ya nyumba kabla ya kushauriana na mama mkwe. Akiyakubali hayo, nitajua kweli anampenda.

Usije ukadhani naichukia familia yenu. Kile kisahani cha pini ndicho kitu pekee kilichotoka kwenu kinachofanya kazi bila kunisumbua. Hata nikikipindua, pini hazimwagiki. Sijui waliokitengeneza wametumia ujanja gani. Tangu ulipokileta, kila nikiwa kazini hakiondoki kwenye kompyuta, isipokuwa pale ninapompisha kijana wako. Laiti naye angekuwa na utulivu kama wa kisahani.

Nisalimie mumeo, mwambie kanzu aliyoniagiza iko tayari na haikupitia kwenye kompyuta. Wasalimie wauguzi wenzako wa zamu, na yule jirani yenu aliyecheka sana siku ile. Mume wangu anawasalimu akiwa amefumba macho. Kaka yangu naye angewasalimu kama angekuwa ameamka.

Ni mimi, ninayekuheshimu na kukesha mbele ya kioo cheusi mchana kweupe,
Mama wa binti, fundi wa nguo.

Tanbihi: Mkwe, barua hii nilikuwa nimeshaitia kwenye bahasha nikalamba na gundi. Kisha binti akaingia dukani, akanyoosha mkono achukue kisahani cha pini. Ameamua kushona gauni lake mwenyewe, kwa mkono, bila mchoro na bila mimi. Alipokiinua tu, kioo kikawaka. Gauni lote likatokea, kola yangu na mkia wake, likawa linazunguka.

Tukatazamana. Nikakichukua kisahani mkononi mwake nikakirudisha mahali pake. Kioo kikazima. Nikakiinua, kikawaka. Nilifanya hivyo mara sita, na nilipotaka kufanya ya saba binti akanishika mkono. Kumbe chini ya kisahani kuna sumaku. Akampigia simu kijana wako, naye akaeleza kwamba kwenye mfuniko wa kompyuta kuna sumaku ndogo, nayo ikigusa pembeni ya vitufe inaiambia mashine kwamba imefungwa, ilale. Zawadi yako ilikuwa inaiambia hivyo wiki tatu nzima. Dereva wa hisani alifukuzwa bure. Nilisubiri kijana acheke, maana mimi ningecheka. Hakucheka. Aliuliza tu kama gauni liko salama, na kama mama amekula.

Hapo nikakaa chini. Mkwe, ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta sababu, na kama si kompyuta ningeilalamikia stika ya yule ndege. Binti akiondoka, duka hili litabaki na mimi, na nyumba itabaki na wanaume wawili waliolala. Naogopa. Nimemwambia binti hivyo hivyo, akalia, nikalia, tukakilowesha kitambaa cha mteja.

Barua nilitaka kuichana. Binti amekataa kabisa, anasema una haki ya kujua mwanao anaoa kwa nani. Basi malalamiko namba moja hadi sita nayafuta, isipokuwa sehemu inayomhusu kaka yangu, ambayo inabaki kama ilivyo. Uchumba uamke leo hii. Na kama kufikia hapa umeshakasirika na uso umekuwa mweusi kama kile kioo, tafadhali angalia vizuri: huenda ni mimi tu niliyekuwekea kitu mahali pasipo pake.

Kisahani sirudishi. Nimekihamishia kulia, karibu na mkasi, ingawa mkono wangu wa kushoto bado unakitafuta palepale kila baada ya dakika mbili. Upande huo sasa nimeweka kiti, na binti amekaa hapo tangu mchana, anakata mkia wa gauni. Atakaa hapo kwa wiki saba zilizobaki.