Kompyuta ya Gari Ina Homa

Jumatatu, 2 Machi 1987
Gari imezima tena, hapo sokoni Voi, saa saba mchana. Asubuhi inakwenda kama mpya. Jua likipanda, inakufa. Jumapili tunambatiza Dinah wetu kule Werugha. Mama mkwe ameumia nyonga, hawezi kutembea hadi kanisani, na ameapa yeye ndiye atakayemshika mjukuu mbele ya kasisi. Bila gari hafiki. Lois, mke wa shemeji, ametuma salamu: pikapu yao imejaa wageni, lakini nisijali, mtoto atamshika yeye. Nazijua salamu za Lois.

Fundi Musyimi kabadilisha plagi, kasafisha pampu. Wapi. Akanionyesha kisanduku cha chuma chini ya kiti cha nyuma. Kompyuta, eti ndiyo inayoiambia injini inywe petroli kiasi gani. Akasema hii si gari, mama Dinah, hii ni ofisi.

Jumanne, 3 Machi
Nilikuwa nyuma namnyonyesha Dinah, Musyimi anaijaribu gari, ikafa. Nikapeleka mkono chini ya kiti, nikakigusa kisanduku. Moto! Kama paji la uso la Dinah siku zile za meno. Nikakipepea na leso robo saa. Tukawasha, ikawaka. Musyimi akakuna kichwa kwa bisibisi. Fundi mzima, na mimi nimeishia darasa la sita.

Mtoto wa homa nampa nini? Kitambaa cha maji. Alipokwenda chai nikakifunga kisanduku vizuri kwa leso iliyolowa, nikakipapasa kidogo.

Moshi.

Jumatano, 4 Machi
Musyimi amesema ugonjwa nimeujua sawasawa, ila mgonjwa nimemuua. Mume wangu Josephat nimemwambia kompyuta imekufa ghafla. Si uongo. Ilikuwa ghafla.

Habari njema: dada yake Musyimi, Nduku, anayo gari kama yetu huko Mboghoni. Haina magurudumu, lakini kisanduku kipo. Kesho napanda treni ya Taveta.

Alhamisi, 5 Machi
Kisanduku kipo. Juu yake kiti. Juu ya kiti kuku wa Nduku, anaatamia mayai kumi na mbili. Nduku akasema karibu sana, nirudi baada ya siku kumi. Nikamweleza ubatizo, nyonga, Lois. Akanihurumia, akanipa ndizi. Kuku hahamishwi. Aliwahi kumhamisha mwingine, akasusa mayai yote.

Nikasema basi tusimhamishe kuku. Tuinue kiti. Nduku akacheka mpaka akakaa chini, kisha akashika upande wake. Dinah mgongoni, mimi namwimbia kuku wimbo wa kumlaza Dinah. Dinah akalala. Kuku akafumba jicho moja, lile lingine akaniangalia nalo. Tukainua taratibu, tukakiweka juu ya matofali, nikafungua skrubu kwa kisu cha jikoni, tukarudisha kiti. Hata yai moja halikugongana na lingine. Nduku akanifukuza kabla sijapata wazo jingine.

Jumamosi, 7 Machi
Musyimi kakifunga kisanduku saa sita, jua kali. Gari imenguruma saa nzima haijazima. Kinanuka kuku. Musyimi kanikataza kukigusa, kukipepea au kukiimbia.

Jumapili, 8 Machi
Tumepanda milima mpaka Werugha bila kusimama. Mama mkwe alikaa kiti cha mbele kama mkuu wa wilaya. Alimshika Dinah mwenyewe, kaegemea mguu mmoja, nami nikawa chini yake tayari kumdaka. Hakumwangusha. Nililia. Lois alisema amefurahi, nikamwambia najua.

Baada ya ibada kasisi akalalamika kuwa mashine ya kipaza sauti inakatika katikati ya mahubiri, atamwita fundi kutoka Wundanyi. Nikamwambia angoje. Nikaiwekea kiganja. Baridi kama jiwe la mtoni! Ukungu wote huu, nani asingepoteza sauti? Mtu wa baridi anahitaji joto. Josephat akaniita mara tatu tuondoke, nikajifanya sisikii.

Sasa mashine imelala jikoni kwa mama mkwe, karibu na moto, imefunikwa shali ya Dinah. Nimewaambia waongeze kuni. Asubuhi itakuwa nzima.