Karatasi Mpya Inashinda Kitabu

Jumatatu, 5 Mei
Hali mbaya. Mchezo wangu wa mezani, Majini wa Ziwa, umechoka. Zamani mimi msimulizi nikisema jini limetoka majini, wachezaji walishika viti. Leo wanarusha dadu huku wanatafuna ndagala, dagaa wa ziwa letu. Wanadai toleo la pili la kitabu cha kanuni. Sijaandika hata jalada! Kudra, mke wangu, anasema niwaambie ukweli. Ushauri wa ajabu. Nimewauliza wanafunzi wa mtaa wa Kamenge: wachapishaji wakubwa wa Ulaya hufanya nini kati ya toleo na toleo. Eti wanatoa vikaratasi: ramani, nyongeza, masahihisho. Kumbe! Na watu wananunua.

Jumatano, 7 Mei
Nimetoa nyongeza: ramani ya kisiwa cha majini. Nimeichora hapa gereji. Marguerite, muuza samaki, akauliza mto ule mweusi unaelekea wapi. Ni doa la oili. Nikasema kuzimu. Wakaenda wote, kwa furaha. Jioni nzima natunga kuzimu nisiyoijua.

Ijumaa, 9 Mei
Adui ni Byamungu, mpakizi wa bandarini. Kwenye mchezo ni mganga, na hafi! Ananimalizia majini. Leo nimetoa masahihisho: waganga hawarushi dadu Ijumaa. Akapinga, haimo kitabuni. Nikaongeza kwa kalamu, mbele ya wote: karatasi mpya inashinda kitabu. Akaisoma, akaweka dadu chini. Jini likamla. Raha iliyoje!

Jumapili, 11 Mei
Msiba. Byamungu amekuja na karatasi yake. Safi, ya kompyuta, ina tarehe ya leo. Mganga amefufuka, na msimulizi sasa ni Byamungu. Nikafoka kwamba mchezo nimeutunga mimi. Akajibu taratibu, “Apana, Papa Shakuru. Karatasi mupya inashinda kitabu. Ni we uliandika.” Marguerite alicheka mpaka kitenge kikalegea. Wakahamia Kamenge, kwa Byamungu. Na meza yangu! Kaibeba kichwani kama gunia. Nimebaki na viti.

Jumanne, 13 Mei
Kimya. Hakuna wa kuniuliza, “Halafu?” Neno hilo tu ndilo lililokuwa likiniamsha asubuhi. Nimeanza kumsimulia Kudra habari za jini. Akaniomba nimpishe, anafagia. Byamungu ametuma ujumbe: nafasi ipo, nije nicheze, niwe mpishi wa mtumbwi. Mpishi! Macho yananiwasha. Vumbi la gereji.

Jumatano, 14 Mei
Nimepata dawa! Masahihisho mapya: msimulizi ni Shakuru milele, waganga wote wamekufa, meza irudi. Na ili Byamungu asije na karatasi mpya zaidi, yangu nimeitia tarehe ya mwaka kesho. Anipite sasa! Kudra ameisoma mara mbili, akauliza basi itaanza kufanya kazi lini. Maskini, hajui mambo ya uchapishaji. Viatu vyangu viko wapi? Naipeleka Kamenge mwenyewe.