Kitambaa cha Chujio Kinaniandama

Jumatatu, 3 Juni
Injinia Ntambwe ametangaza hapa kiwandani: wiki hii anachagua chef wa chujio, mkubwa wa sisi wote tunaochuja shaba. Ni mimi ao Huguette, yule wa poste, yaani zamu, ya mchana. Kiti nilichokitamani tangu nikiwa na nywele! Nimeshamwambia mke wangu Bilkisi atengeneze munkoyo ya sherehe kwa Jumamosi, kile kinywaji chetu cha uji wa mahindi uliochujwa kwa kitambaa.

Huguette anapoza maji yake ya moto ya shaba polepole hadi yatoe kristali, kama anabembeleza mtoto. Mimi nitapoza haraka. Ataona.

Jumanne, 4 Juni
Nikafungulia maji baridi yote kuzunguka tangi. Kristali zikatoka papo hapo! Za buluu, nzuri, laini... laini kama unga. Zikaziba kila tundu la kitambaa cha chujio. Pompe inanguruma, tone halidondoki. Huguette akapita, akasema, "Tata Mansour, hii ni shaba ao ni unga ya bukari?" Nikamwambia kitambaa ni kibovu.

Alhamisi, 6 Juni
Leo nimepoza polepole. Mateso! Ila kristali zikanenepa kama chumvi ya mawe. Ntambwe mwenyewe akatabasamu. Ningetulia hapo. Lakini zilizunguka kivivu mno, nikaongeza mwendo wa mashine ya kukoroga hadi mwisho. Zikavunjika vipande vyembamba, vikalala bapa juu ya kitambaa, kimoja juu ya kingine, kama mabati ya paa. Maji yapite wapi? Ntambwe akauliza kama nilikuwa napiga mayai. Nikasema: kitambaa.

Ijumaa, 7 Juni
Huguette ndiye chef. Basi.

Kristali zake ni nene, za duara, maji yanapita katikati bila kuomba ruhusa. Akanipa pole, akanieleza: nafasi kati ya punje ndiyo njia ya maji, kwa hiyo usizifanye unga, usizipige. Nikajibu, "Ndiyo, chef." Neno hilo lilitoka kwa shida kuliko maji yangu ya Jumanne. Kwa aibu nikamkaribisha kesho kwa munkoyo.

Jumamosi, 8 Juni
Bilkisi alitaka unga wa chengachenga, kama siku zote. Nikakataa. Chef anakuja! Nikaupeleka mashineni usagwe mara mbili, laini kama poda ya mtoto.

Sasa uji umekaa ndani ya kitambaa kama saruji. Nimekoroga kwa nguvu zote. Umezidi kuganda. Huguette yuko sebuleni na kikombe kitupu, namsikia anacheka peke yake. Bilkisi ananitazama tu.

Kitambaa hiki! Kesho nanunua kingine.