Kiwiko Changu na Utomvu wa Miamba

Jumatatu, 3 Machi
Nimejiandikisha kwenye utafiti. Wanataka kujua kama ule utomvu mweusi unaochuruzika kwenye nyufa za miamba, ambao watu humeza wakitafuta nguvu, unasaidia kweli. Nusu yetu tunapewa utomvu, nusu vidonge bandia. Hakuna anayejua kapata nini, hata wapimaji.

Mimi nguvu sizitafuti. Namtafuta muuguzi anayetupima. Nilimshonea sare mwezi uliopita, na tangu hapo cherehani haiendi mbele wala nyuma. Leo nimebana kipima nguvu cha mkono, naye akanishika kiwiko kisitikisike. Kilo arobaini na mbili. Mara moja tu, kisha zamu ya mwingine. Ole wangu!

Alhamisi, 6 Machi
Siri nimeigundua. Anayeshuka nguvu hupimwa mara tatu! Nikabana kivivu: thelathini. Kiwiko kimeshikwa mara tatu. Mwashi mmoja tuliyejiandikisha naye, mwenye viganja kama sepetu, kapata sitini, akapimwa mara moja tu na kutolewa chumbani papo hapo. Nimemhurumia.

Jumatatu, 10 Machi
Ishirini na moja. Kanipima mara tatu, akaongeza ya nne kwa wasiwasi. Akauliza kama nalala vizuri, kama nakula. Sijaulizwa hivyo tangu mama afariki. Nimerudi kibandani nikakata suruali ya mteja, mguu mmoja mfupi. Haidhuru.

Alhamisi, 13 Machi
Kumi na mbili. Nimezidisha. Muuguzi akamwita daktari mkuu. Wakahofia utomvu unadhuru watu, utafiti ukasimamishwa, bahasha ya siri inayoonyesha nilipewa nini ikafunguliwa. Muuguzi akaisoma, akanigeukia.

"Kaka, wewe ulikuwa unameza unga na sukari iliyoungua. Sasa hizo nguvu zilikwenda wapi?"

Kaka! Heri angenitukana. Nikajitetea kwamba labda ni ile sukari. Akaniambia taratibu kwamba nimemharibia kazi ya wiki nzima na ushee, na nisirudi tena. Mtaka yote hukosa yote.

Jumanne, 18 Machi
Nimemkumbuka. Nashona, namkumbuka. Nafumua, namkumbuka. Asubuhi nimeapa kuacha ujanja.

Mchana mwashi kapita kunicheka. Akadokeza kwamba utafiti umeendelea bila mimi, ila muuguzi kahamishiwa chumba cha mwisho, kwenye utafiti wa usikivu. Wanatafuta watu wenye masikio mazima.

Nimenyoa masharubu. Nimejiandikisha kwa jina la mjomba. Nitajifanya sisikii kitu, na itambidi asogee karibu.