Tafadhali Msiondoe Karantini ya Ng'ombe

Njoro,
Jumatatu, 12 Agosti 1957

Kwa Bwana Afisa wa Mifugo, Nakuru.

Bwana Mheshimiwa,

Mimi ni Micah Kiprugut, mkamuaji wa maziwa hapa Njoro. Nakuandikia kwa heshima na kwa machungu. Nimesikia kwamba karantini ya ugonjwa wa midomo na kwato itaondolewa wiki ijayo. Haraka ya nini, Bwana?

Nina deni la ng'ombe saba kwa Mzee Kemboi wa Rongai, babake mchumba wangu Chepngeno. Wazee walipatana kwamba Chepngeno atakaa kwao mpaka mahari ifike. Nilikuwa nimeshakata fimbo ya kuwaswaga ng'ombe, shingo upande, ndipo ofisi yako ikafunga lango barabarani na kuweka askari. Siku hiyo niliimba mpaka majirani wakauliza nimeokoka lini. Watu husema dawa ya deni ni kulipa. Kumbe dawa nyingine ipo, tena ina mhuri wa Serikali! Kwa hiyo malalamiko yangu ni haya:

1. Miezi mitatu ni michache mno. Yule ng'ombe mweupe anatoa chupa nne kila asubuhi, na mtu hawezi kuachana na ng'ombe wa namna hiyo bila kuugua.

2. Mwekundu amezaa ndani ya karantini. Ndama ni wa nani? Nasema ni wangu, maana hakutajwa siku ya mapatano. Karantini ikidumu miaka kumi, deni litabaki saba na mimi nitajaza boma. Je, Serikali haipendi raia wake waendelee?

3. Lango linazuia ng'ombe peke yao. Mama mkwe hupita kila Alhamisi, anakuja kuwatazama ng'ombe na kuniambia wamekonda. Naomba naye azuiwe. Kwato hana, lakini mdomo anao, na hiyo ni nusu ya ugonjwa.

4. Amri ifike hata kwa Wamalwa fundi, aliyenishonea suti ya arusi na sasa ananiita kila nikipita. Deni nalo huambukiza, Bwana, basi lifungiwe. Ila Dalmas, aliyeazima baiskeli yangu, asihesabiwe humo. Yeye airudishe leo.

Chepngeno namkumbuka, sikatai. Lakini ni mvumilivu, na Serikali ni Serikali. Akiniuliza namwonyesha tangazo lako.

Basi ongeza miaka kumi, au tuseme kumi na miwili. Nisalimie bibi, watoto, karani wako, na yule askari wa langoni, umwambie asilegee hata kidogo.

Ni mimi mtiifu wako, mpenda sheria,
Micah Kiprugut

N.B. Bwana, bahasha sikuwa nimeifunga nilipopata habari. Mtu anaitwa Kosgei amekwenda kwa Mzee Kemboi kuposa. Ng'ombe wake tisa wako Rongai tayari, ng'ambo ya lango, hawahitaji ruhusa ya mtu. Mzee amempa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando anayopewa mgeni wa heshima, akanywa akamaliza. Chepngeno ameniagizia neno moja: "Mwambieni Micah, mimi sikuwekwa karantini."

Fungua leo. Niko langoni na wote saba, na ndama kama nyongeza, na askari ananizuia kwa amri ile ile niliyoisifu. Naandika haya mgongoni mwa yule mweupe, kwa hiyo usishangae mwandiko. Nampenda huyo msichana, Bwana. Tafadhali njoo na ufunguo.