Maharagi Ndani ya Picha

Jumatano, 3 Septemba

Dokta Ornella amenipa randevu, yaani miadi, ya Ijumaa. Utumbo wangu utapigwa picha. Nilimuuliza kama singeweza kumletea picha ya zamani. Hakucheka.

Sababu ni kaka yangu Guelord. Alikufa mwaka jana kwa kansa ya utumbo mpana. Alituficha damu ya chooni kwa miezi mingi, akisema maumivu ni ya pilipili. Dokta anasema ndugu wa tumbo moja wapimwe hata kama hawaumwi kitu. Daktari mwenye kamera ndefu ya kuingiza utumboni hufika Bunia mara chache, lakini skana iko hapa hapa mjini. Watapuliza hewa kidogo kwa nyuma, mashine itapiga picha kwa nje, na kompyuta itaziunganisha mpaka waone utumbo wote kama mtu anayetembea ndani ya pango. Hakuna usingizi wa dawa. Hakuna kisu. Nikasema sawa. Maneno "kwa nyuma" yalinifikia nikiwa tayari barabarani.

Kwaya isijue. Mimi na mwenzangu Rodrigue tunagombea sehemu ya sauti moja, ile ya mtu kuimba peke yake, katika wimbo wa sikukuu ya mavuno. Mtu hawezi kuimba vizuri mbele ya waumini wanaowaza matako yake. Kwa hiyo nimewaambia wote kwamba Ijumaa nakwenda Aveba kutazama ng'ombe wa kununua. Rodrigue akauliza ng'ombe wa rangi gani. Nikasema mwekundu. Akasema ana mjomba wake Aveba, tungeweza kusafiri pamoja. Nikasema ng'ombe huyo anaogopa watu.

Alhamisi, 4 Septemba

Siku ya matayarisho. Mke wangu Musoki ameshika maagizo ya Dokta kama katekisimu. Bugali hapana. Majani ya sombe hapana. Nyama, maziwa, matunda, hapana. Maji, chai kavu, na supu iliyochujwa mpaka mtu anaona chini ya bakuli. Halafu dawa ya kuendesha, ili utumbo uwe safi. Halafu dawa nyingine nyeupe, ya kupaka rangi masalio yatakayobaki, ili mashine isiyachanganye na uvimbe.

Kufikia saa nne nilikuwa naona miguu miwili ya meza kama mapaja ya kuku.

Nikapanga. Nilimwambia Musoki nakwenda kunyoosha mgongo. Nikanyoosha mpaka mtaa wa Bigo, kwa dada yangu Adèle, ambaye hajui kitu. Alikuwa na maharagi motoni. Nilifikiri vizuri kabla ya kula. Maharagi ni laini. Si mfupa. Na dawa ya kuendesha itafagia kila kitu, ndiyo kazi yake. Adèle akaniongeza.

Alasiri nilikunywa dawa. Sitaandika mengi. Niseme tu kwamba choo chetu kiko karibu, na ninamshukuru Mungu kwa hilo.

Ijumaa, 5 Septemba

Nilivaa koti na tai, kwa kuwa ni picha. Binti wa mashine anaitwa Joëlle. Alinitazama toka juu hadi chini, akanipa gauni lililo wazi mgongoni. Tai aliniachia.

Nililala juu ya kitanda chembamba. Akapiga picha ya kwanza ya kujaribu, kabla hata ya hewa. Kisha akaja taratibu.

"Papa Hubert, jana ulikula nini?"

"Supu."

Akanigeuzia kioo cha kompyuta. "Supu hii iko na maganda. Angalia hapa. Na hapa. Ni maharagi, Papa."

Hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi. Alinieleza kwamba masalio yanaweza kuficha uvimbe mdogo, au yakajifanya uvimbe wakati hakuna. Picha chafu ni sawa na kutopiga picha. Nirudi Jumanne, na Jumatatu nifunge kweli.

Musoki alikuwa ananisubiri nje. Joëlle alimwambia. Tulipofika nyumbani Musoki alisema neno moja tu.

"Guelord naye alitudanganya hivi hivi."

Nilikaa kitandani na tai yangu. Chakula cha jioni sikukitaka, na hakuna aliyenikataza.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya misa Musoki alimvuta Rodrigue pembeni ya kanisa. Nikaona mikono yake ikieleza. Nikaona mkono mmoja ukionyesha nyuma. Amemwambia yote. Hata Aveba, hata ng'ombe.

Nikangoja kicheko. Rodrigue ana kicheko kinachofika hadi ng'ambo ya barabara. Alikuja mpaka niliposimama, akarekebisha kofia yake, akauliza kesho afike kwangu saa ngapi.

Musoki amemwomba anilinde.

Jumatatu, 8 Septemba

Rodrigue alifika asubuhi, akaweka kiti mlangoni. Ni mtu mpana. Hakuna nafasi ya kupita.

Nilimtuma akaninunulie vocha ya simu. Akampigia Musoki jikoni kwa simu yake mwenyewe, akanipa, akasema sema unachotaka. Nikasema nakwenda kulisha kuku. Akanifuata, akasimama mpaka kuku walipomaliza mahindi yote. Nilitazama mahindi yale kwa uchungu. Nikamwambia basi aende kwake akale, mchana umefika, mke wake ananung'unika.

"Hapana," akasema. "Kama weye uko na njaa, siye wawili tuko na njaa."

Musoki akamletea supu yangu ileile, bakuli lileile la kuona chini. Akainywa. Tumbo lake lilinguruma kuliko langu. Nikasema wimbo wa mavuno unaanza juu mno. Akasema hata yeye anaona hivyo. Tukaimba taratibu, yeye sauti ya kwanza, mimi ya pili. Kila dawa iliponiita alisimamisha ubeti, akanisubiri, tukaendelea pale pale.

Sikula kitu. Naandika hili kwa mshangao.

Jumanne, 9 Septemba

Imefanyika. Naeleza, kwa kuwa niliogopa bure.

Joëlle alinilaza kwa ubavu. Akaingiza mrija mdogo, laini, uliopakwa mafuta. Ni aibu kuliko maumivu, na aibu ilidumu kidogo tu kwa sababu yeye aliongea nami habari za mvua. Kisha hewa. Tumbo likakaza kama ngoma, nikadhani nitakimbilia choo, naye akasema kila mtu hudhani hivyo na hakuna anayekimbia. Nikalala chali. Kitanda kikaingia ndani ya mashine, ambayo ni pete kubwa tu, si shimo. Akaniambia nivute pumzi, niishike. Kisha akanigeuza kifudifudi, tena vilevile. Mahubiri ya padri wetu ni marefu zaidi.

Nilimwomba aniandikie cheti kwamba nina mapafu ya mwimbaji. Akasema skana ilikuwa chini kidogo ya mapafu.

Nilivaa, nikatoka kwa miguu yangu. Rodrigue alikuwa nje na pikipiki. Joëlle alikuwa amenionya kwamba hewa ile lazima itoke. Ilitoka juu ya pikipiki, toka kliniki hadi nyumbani. Rodrigue hakugeuka. Akaanza kuimba kwa sauti kubwa, wimbo wote wa mavuno, ili watu wa barabarani wasikie huo.

Musoki alikuwa amepika bugali na makayabu. Sijawahi kula samaki wa chumvi kwa machozi namna ile.

Alhamisi, 11 Septemba

Majibu. Dokta Ornella alitukalisha mimi na Musoki. Kuna kinyama kimoja kidogo, kama punje, kwenye ukuta wa utumbo. Huenda bado si kansa, lakini vinyama vya namna hiyo, vikiachwa miaka, vinaweza kugeuka. Skana huona tu, haiwezi kukata. Daktari wa kamera atakuja mwezi ujao, atakitoa, na watakipima.

Musoki alinishika mkono chini ya meza. Akasema, "Laiti Guelord angepata binti wa mashine kama yule." Hakuwa analaumu tena. Tukalia kidogo, Dokta akatazama dirisha.

Nimemshukuru Mungu. Nimemshukuru Dokta, na Joëlle, na Musoki mara nyingi mpaka akaniambia nimuache apike. Nimempelekea Rodrigue jogoo. Nikamwambia aimbe yeye ile sauti moja. Nilisema kutoka moyoni.

Jumamosi, 13 Septemba

Mazoezi ya kwaya. Rodrigue aliimba. Akina mama walifunga macho.

Nimetafakari namna ya kumshukuru. Jogoo ni kitu kidogo. Rodrigue amepita miaka hamsini, na Dokta anasema mtu wa umri huo apimwe hata kama hana ugonjwa. Rafiki wa kweli humpa rafiki afya. Nilipita kwa Joëlle. Ana nafasi Jumatatu, siku inayofuata sikukuu ya mavuno. Maana yake siku ya supu na dawa ya kuendesha itaangukia Jumapili yenyewe. Inasikitisha, lakini utumbo hauna kalenda.

Nitamlinda mwenyewe mlangoni, isipokuwa saa ya misa, maana lazima mtu fulani aimbe.

Kwaya nimeshawaambia kwamba Jumapili hiyo Rodrigue atakuwa Epulu kuona okapi wa msituni. Yeye bado hajui.